Ziara ya kuaga ya Ministry: je, inastahili kuhudhuriwa?

KichwaChuma

Ndugu wapenzi wa muziki wa indastria, ule wa mashine na kelele, naombeni mawazo yenu. Al Jourgensen, kiongozi na mwimbaji wa bendi ya Ministry ya Marekani, amekwisha kusema kwamba albamu yao inayofuata, anayoifanya pamoja na mpiga besi wake wa zamani Paul Barker, ndiyo itakayokuwa ya mwisho, na kwamba bendi itazunguka kuwaaga mashabiki kabla ya kufunga kazi. Mimi sijawahi kuiona Ministry ikipiga jukwaani. Niliifahamu kupitia Psalm 69 ya mwaka 1992, nikarudi nyuma hadi The Mind Is a Terrible Thing to Taste ya 1989 na The Land of Rape and Honey ya 1988, na mpaka leo albamu hizo tatu ndizo ninazoziona kuwa kilele chao. Zilizofuata ninazo karibu zote, ila nyingi nilizisikiliza nikaziweka kando.

Kinachonifanya nisite si uvivu wa kusafiri. Bendi hii imewahi kutuaga, na sote tunajua kilichofuata, kwa hiyo ningependa kusikia kutoka kwa walioifuatilia kwa muda mrefu kama kwaheri ya safari hii ina uzito kuliko zile zilizopita. Aidha, Jourgensen alizaliwa mwaka 1958, miaka yake ya dawa za kulevya ameieleza mwenyewe bila kuficha, na muziki aliouchagua ni wa mwendo wa kasi. Kila ninapoisikiliza In Case You Didn't Feel Like Showing Up, rekodi yao ya jukwaani ya mwaka 1990, ninauona ule uzio wa waya uliosimamishwa kati ya bendi na watazamaji, wapiga ngoma wawili wakifukuzana na watu wakiukwea wavu kana kwamba wanataka kuung'oa. Nahofia kwamba nikienda sasa, nitakuwa ninalinganisha kila dakika na kitu ambacho hakipo tena.

Naomba majibu ya wazi, hata kama ni ya kunikatisha tamaa.

MzeeWaKanda

Ndugu KichwaChuma, kwa kuwa umeomba uwazi, jibu langu ni kwamba usiende kwa sababu ya neno "mwisho". Kama kuna bendi iliyolitumia neno hilo hadi likachakaa, ni hii. Mwaka 2007 walitoa The Last Sucker, iliyokamilisha zile albamu tatu za kumshambulia George W. Bush zilizoanza na Houses of the Molé mwaka 2004 na kuendelea na Rio Grande Blood mwaka 2006. Wakatangaza kwamba kazi imekwisha, na mwaka 2008 wakafanya ziara waliyoipa jina la C-U-LaTour, jina ambalo ukilitamka haraka unasikia "see you later", yaani tutaonana baadaye, kana kwamba lilikuwa linatucheka. Mwaka 2012 albamu mpya, Relapse, ikatoka.

Mwisho wa mwaka huohuo mpiga gitaa Mike Scaccia alianguka na kufariki akiwa jukwaani na bendi yake nyingine, Rigor Mortis. Jourgensen aliikamilisha From Beer to Eternity kwa kutumia magitaa ambayo marehemu alikuwa amekwisha kuyarekodi, akaitoa mwaka 2013, na akasema kwamba bila rafiki yake hakutakuwa na albamu nyingine ya Ministry. Tangu hapo tumepata AmeriKKKant mwaka 2018, Moral Hygiene mwaka 2021 na Hopiumforthemasses mwaka 2024. Simlaumu hata kidogo kwa maneno aliyoyasema akiwa na msiba moyoni, na ninaamini kwamba siku ile aliyamaanisha. Lakini shabiki anayepanga safari hawezi kuitegemea ahadi ambayo mwenye kuitoa mwenyewe hawezi kuitegemea.

Tena Ministry hawako peke yao. Bendi ya Throbbing Gristle, ambao lebo yao ya Industrial Records ndiyo iliyoupa mtindo huu jina, walifunga kazi mjini San Francisco mwaka 1981 na kutuma kadi zenye tangazo kwamba kazi yao imekomeshwa. Mwaka 2004 wakarudi. Bendi ya KMFDM walitoa albamu iliyoitwa Adios, yaani kwaheri, mwaka 1999, wakavunjika, na mwaka 2002 wakarejea. Nine Inch Nails walifanya ziara ya kuaga iliyoitwa Wave Goodbye mwaka 2009, na mwaka 2013 walikuwa barabarani tena. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi wazee wa mtindo huu tumetafunwa mara nyingi.

Ushauri wangu ni kwamba uinunue albamu itakapotoka, uisikilize kwa sauti inayowaudhi majirani, na safari uiache kwanza.

BintiKelele

Mzee wangu, shikamoo. Tarehe zako ni sahihi, lakini naona umeweka vitu tofauti katika kapu moja. Trent Reznor, kiongozi wa Nine Inch Nails, mwaka 2009 hakusema kwamba bendi imekufa. Alisema anataka kupumzika na ziara, na akapumzika. KMFDM walitengana kweli, na hata waliporudi, baadhi ya waliokuwamo hawakurudi nao. Hayo si udanganyifu wa tiketi.

Na ule mfano wako wa Throbbing Gristle unathibitisha kinyume cha unachokidai. Ni kweli kwamba walirudi mwaka 2004, na waliofanya uvivu wakajiambia kwamba hawa hawaishi kuaga na kurudi, kwa hiyo watawaona safari nyingine. Peter Christopherson, mmoja wa wanabendi, akafariki Novemba 2010, na mwenzake Genesis P-Orridge akafuata Machi 2020. Bendi inaweza kulivunja neno lake mara kumi, lakini ipo kwaheri ambayo haivunjwi, na hiyo haitangazwi na mtu kwa mabango. Katika Ministry yenyewe wametangulia Scaccia, Paul Raven aliyepiga besi miaka ya 2000 na kufariki mwaka 2007, na Bill Rieflin, mmoja wa wale wapiga ngoma wawili unaowasikia kwenye rekodi ya 1990, aliyefariki mwaka 2020. Ndugu KichwaChuma, uzio ule hautajengwa tena kama ulivyokuwa, na hilo ni vyema ulipokee kabla hujaamua lolote.

Kinachonifanya niitazame kwaheri hii kwa jicho jingine ni sababu iliyo nyuma yake. Mwaka 2008 sababu ilikuwa nje ya bendi: Bush alikuwa anaondoka madarakani, na hasira iliyoziendesha albamu tatu ilikuwa inakosa wa kuelekezewa. Sababu ya namna hiyo hubadilika, maana wanasiasa wa kukasirikiwa hawajawahi kuadimika, na kwa hakika AmeriKKKant ilikuja baada ya Donald Trump kuingia Ikulu ya Marekani. Safari hii sababu iko ndani: umri, na kurejea kwa Barker. Barker alijiunga mwaka 1986, na tangu The Land of Rape and Honey yeye na Jourgensen walizalisha pamoja na kutia sahihi kwa majina ya utani, Hypo Luxa na Hermes Pan. Albamu zote tatu unazoziita kilele zina mikono yake. Kisha aliondoka, na zaidi ya miaka 20 ikapita bila wawili hao kutoa albamu ya Ministry. Mtu anayetaka tu kuuza fulana za kuaga halazimiki kumrudisha mshirika waliyeachana kwa ubaya. Angewaajiri vijana wanaojua kupiga gitaa na mambo yakaenda.

Upo pia mfano wa kuaga uliotimizwa. Bendi ya Skinny Puppy walifanya ziara ya mwisho mwaka 2023, wakati wakiadhimisha miaka 40, na bendi ya Front 242 walimalizia kwao Brussels mwezi Januari 2025. Mpaka sasa wote wametulia. Kwa hiyo si kweli kwamba katika mtindo huu kila kuaga ni mchezo wa kuigiza.

KichwaChuma

Ahsanteni sana. Dada BintiKelele, hoja ya Barker sikuwa nimeipa uzito, na inanivuta. Hata hivyo lipo jambo ambalo nadhani kila shabiki wa indastria hulifikiria ingawa hapendi kulisema. Sehemu kubwa ya muziki huu inatoka kwenye mashine. Sauti za watu zilizochukuliwa kwenye filamu na hotuba, vipande vinavyozungushwa tena na tena, midundo ya mashine ya ngoma: vyote hivyo vimekwisha kurekodiwa. Nikisimama mbele ya jukwaa na kompyuta ikafanya nusu ya kazi, nitakuwa nimepata nini ambacho spika zangu za nyumbani haziwezi kunipa?

NyayaNaUmeme

Swali hilo ndilo la msingi kuliko yote yaliyoulizwa hapa, na mniwie radhi nikirefusha kidogo, kwa sababu kazi yangu ni mitambo ya sauti na jambo hili nimelitazama kutoka upande wa pili wa nyaya.

Tuanze na ambacho hakiwezi kupigwa moja kwa moja na mtu yeyote. Katika wimbo Thieves kuna sauti ya yule sajenti wa mafunzo kutoka filamu ya Full Metal Jacket, na katika N.W.O. kuna sauti ya George Bush mkubwa akizungumzia mpangilio mpya wa dunia. Sauti hizo lazima zitoke kwenye sampla, yaani kifaa cha kucheza vipande vilivyorekodiwa, na zilitoka kwenye sampla tangu siku ya kwanza. Hakuna shabiki aliyewahi kudai kwamba rais mstaafu aje kuzitamka jukwaani. Sasa, kwa kuwa vipande hivyo vina urefu usiobadilika, mtu aliyeshika chombo lazima alingane navyo. Ndiyo sababu mpiga ngoma wa bendi kama hii huvaa visikilizi vinavyompigia mlio wa kuhesabu, tiki tiki tiki, kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Mlio huo watazamaji hawausikii kamwe, lakini ndio mwenye amri; mwimbaji akipitiwa, mlio haumsubiri.

Watu wakilisikia hilo huhitimisha kwamba basi kila kitu kimeamuliwa kabla. Mimi naona kwamba hapo ndipo ladha ya muziki huu inapoanzia. Mashine hupiga kila pigo kwa nguvu ileile na mahali palepale. Binadamu hawezi. Mpiga ngoma mzuri hutangulia au huchelewa kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, hupiga kwa nguvu zaidi mahali fulani, na ule mvutano kati ya kisichochoka na anayechoka ndio unaomfanya msikilizaji akunje ngumi bila kujua. Isikilize Stigmata kwenye albamu ya 1988, kisha uisikilize kwenye ile rekodi ya 1990. Kwenye albamu kila kitu kimefungwa kwa skrubu. Kwenye rekodi ya jukwaani uti wa mgongo ni uleule, lakini Rieflin na Martin Atkins wanausukuma kutoka nyuma kwa mikono minne, na wimbo unaonekana kama unataka kuacha njia. So What umerefushwa kuliko ulivyo kwenye albamu, na katika urefu ule unasikia kabisa kwamba kuna watu wanaoamua.

Kuhusu umri wa mwimbaji, mtindo huu una bahati ambayo mitindo mingine haina. Mwimbaji wa opera au wa nyimbo za mapenzi akizeeka, noti za juu zinamkimbia na kila mtu anasikia. Sauti ya Jourgensen tangu miaka ya 1980 ilipitishwa kwenye vifaa vya kuikwaruza na kuipasua kabla haijafika kwenye spika, na Ogre, mwimbaji wa Skinny Puppy, alifanya hivyohivyo. Ukwaruzaji huo hauhitaji noti za juu; unahitaji pumzi, wakati sahihi na matamshi. Kwa hiyo usiangalie kama bado anaweza kupiga kelele kama zamani. Angalia kama bado anaingia kwenye mstari kwa wakati katika nyimbo za kasi kama vile Thieves, na kama anapumua vizuri kati ya wimbo na wimbo.

Sasa nije kwa spika zako za nyumbani. Ngoma kubwa inayopigwa kwa mguu hukaa chini kabisa, takriban hezi 50 au 60, na ili sauti hiyo uipate kifuani na si masikioni tu, hewa nyingi sana inapaswa kusukumwa. Mitambo ya ukumbi huisukuma. Spika za sebuleni, hata zikiwa za bei kubwa, haziwezi, na ukijaribu utaziunguza. Albamu hizi zilitengenezwa na watu waliokuwa wakitoka kwenye klabu za dansi kwenda studio na kurudi, na baadhi ya vitu vilivyowekwa humo havieleweki mpaka vikugonge mwilini. Hilo ndilo utakalolipata ambalo nyumbani halipo.

Lakini nisikupambie tu upande mmoja. Ziara inaweza kuharibiwa na mashine, na dalili zake huonekana. Siku hizi bendi nyingi hutumia picha kubwa za video zilizofungamanishwa na muziki, na video ikishafungamanishwa, wimbo hauwezi kurefushwa hata kwa mzunguko mmoja, kwa sababu picha zitaachana na sauti. Tazama video ambazo mashabiki hurekodi katika usiku tofauti wa ziara moja. Kama kila wimbo unaanza, unakatika na kuisha kwa namna ileile kabisa, kama mwimbaji anageuka pembeni kunywa maji na sauti yake inaendelea, basi unauziwa mbuzi kwenye gunia. Ukiona wimbo mmoja ulirefushwa usiku wa leo na haukurefushwa jana, nunua tiketi.

MzeeWaKanda

Marahaba, BintiKelele, na ahsante kwa kunijibu kwa heshima. Maelezo ya NyayaNaUmeme nayakubali yote. Limebaki jambo moja ambalo hamkuligusa, nalo ni orodha ya nyimbo. Ndugu yetu anapenda albamu tatu. Ministry ina zaidi ya kumi na tano, na bendi yoyote yenye albamu mpya hupenda kuipiga hiyo mpya. Tena mnakumbuka Jourgensen alivyoikana With Sympathy ya mwaka 1983 kwa miongo mizima, akisema lebo ndiyo iliyomlazimisha kuimba popu ya sintesaiza. Kisha mwaka 2024 akaupiga muziki wa enzi hizo kwenye tamasha la Cruel World kule Pasadena, na mwaka 2025 akatoa The Squirrely Years Revisited, ambamo amezirekodi upya nyimbo zilezile alizokuwa akizitukana. Mtu ambaye hubadili mawazo kiasi hicho anaweza kuamua usiku wa mwisho kupiga kitu chochote.

BintiKelele

Mzee wangu, hapo mimi nafurahi badala ya kuhofia. Aliyekuwa akikimbia kivuli chake kwa miaka 40 akaamua kugeuka na kukitazama, huyo anaelekea kufunga hesabu. Nimezisikiliza zile nyimbo zilizorekodiwa upya, na ingawa si zote zilizonipendeza (baadhi zimebebeshwa magitaa ambayo hazikuyahitaji), kuna uchangamfu ndani yake ambao sikuusikia katika Relapse, kwa mfano, ambayo kwangu ilikuwa kelele iliyojaa hasira isiyo na pa kwenda.

Kuhusu orodha ya nyimbo, nakubaliana nawe nusu. Hatari ipo kwa aliyezipenda albamu tatu tu. Lakini Barker akiwa mmoja wa wanaoaga, nyimbo zitakazomhusu ni zipi kama si za 1986 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000? Besi inayouendesha wimbo wa Burning Inside haikuwekwa pale kama pambo. Hata Filth Pig ya mwaka 1996, ambayo mashabiki wengi waliipokea vibaya kwa sababu ilipunguza mwendo na mashine, ni albamu ninayoiona imeonewa, na hakuna nafasi nyingine ambayo nyimbo zake zingeweza kurudi.

KimyaBaadaye

Nimesoma mjadala wote kwa faida. Mimi si mwandishi wa maneno mengi, ila naona mmesahau masikio.

Wengi wetu tunaojadili bendi za miaka ya 1980 si vijana, na baadhi yetu tayari tuna mlio usiokoma masikioni kwa sababu ya maonyesho ya zamani. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani ni kwamba desibeli 85 unaweza kukaa nazo kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Ukipiga hesabu hadi desibeli 100, unabaki na dakika 15. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilipendekeza kiwango cha juu cha kumbi za burudani kiwe wastani wa desibeli 100, unaopimwa katika kila kipindi cha dakika 15. Onyesho la Ministry halimalizwi kwa dakika 15.

Kwa hiyo kama unakwenda, nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile ambavyo hupunguza sauti ya juu na ya chini kwa kiasi kinachokaribiana, kwa sababu vile vya sponji huzima sauti za juu na kukuachia mngurumo tu, kisha unarudi ukisema fundi mitambo alikuwa mbovu. Vivae tangu bendi ya kwanza ya utangulizi. Mdundo wa chini alioueleza NyayaNaUmeme unapita kwenye mifupa na kifua, kwa hiyo vizibo havitakunyima.

KichwaChuma

Nimewasikia, na nimefikia mahali. Neno "mwisho" nitaliweka kando kama alivyosema Mzee, maana hata likiwa la kweli halinihakikishii onyesho zuri. Nitasubiri usiku kadhaa wa mwanzo wa ziara upite, nitazame orodha za nyimbo na zile video kwa jicho alilonifundisha NyayaNaUmeme. Kama Barker atakuwa jukwaani, na kama angalau theluthi moja ya onyesho itatoka katika albamu za 1988 hadi 1992, nitakwenda. Kama hayupo na nyimbo nyingi ni za miaka ya karibuni, nitabaki na rekodi ya 1990 bila kinyongo. Kitu kimoja tu kimebaki: nikienda, nisimame wapi? Wenzangu wananiambia mbele kabisa, kwa sababu huko ndiko onyesho la kweli lilipo.

MzeeWaKanda

Ukisubiri usiku kadhaa upite, tiketi nzuri zitakuwa zimekwisha. Mapromota wanajua kwamba watu wa tahadhari kama wewe wapo. Ninasema haya ingawa mimi ndiye niliyekushauri ubaki nyumbani.

NyayaNaUmeme

Ni kweli, na kwa sababu hiyo usichague onyesho la kwanza wala la mwisho. La kwanza lina makosa ya mitambo, la mwisho lina bei na hotuba. Chagua la katikati ya ziara, katika ukumbi wa ukubwa wa kati, ambao mara nyingi huuza polepole.

Kuhusu pa kusimama, mbele kabisa utawaona vizuri na utawasikia vibaya. Spika kubwa zinakuwa pembeni mwako na juu ya kichwa chako, na unachosikia zaidi ni ngoma zenyewe na vikuza sauti vya magitaa, huku sauti ya mwimbaji na vipande vya sampla vikipotea. Katika muziki huu vipande hivyo ni nusu ya wimbo. Simama mbele ya meza ya kuchanganyia sauti, hatua chache tu, katikati ya ukumbi, kwa sababu yule fundi anasawazisha kila kitu kulingana na anavyosikia yeye pale alipo. Front 242 walilijua hilo kiasi kwamba Daniel Bressanutti, mmoja wa waanzilishi, kwa miaka mingi hakupanda jukwaani na wenzake. Alikaa kwenye meza hiyo, nyuma ya watu, akiichanganya sauti ya bendi yake mwenyewe. Fika mapema, maana eneo hilo hujaa haraka, na wanaolijaza ni watu wasiopenda kusukumana. Ukitaka kusukumana, sogea mbele kwa nyimbo mbili za mwisho, kisha urudi.

KimyaBaadaye

Na vizibo usivivue hata ukiwa huko nyuma.